Dawa ya Midomo ya Parapanda

Midomo ya Parapanda ilianza kupasuka Jumanne, na kufika Ijumaa ilikuwa imevimba na kuiva, hata ukimwona kwa mbali ungedhani ameng'ata vipande viwili vya papai na amekataa katakata kuvimeza.

Angekuwa mtu mwingine, lingekuwa jambo la kupaka mafuta na kusahau. Seremala mwenye midomo iliyovimba hupiga randa yake kama kawaida, na dereva hushika usukani. Lakini Parapanda alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya kikosi cha zimamoto, na tarumbeta, kwa asiyejua, haipulizwi kwa viwiko.

Kiongozi wa bendi alikuwa mwanamume mwembamba mwenye sauti ya upole, aliyezoea kusema mambo mazito kama mtu anayeuliza saa ngapi. Siku hiyo ya Ijumaa alimsikiliza Parapanda akitoa mkoromo mahali pa wimbo, akamwita pembeni, kati ya gari la maji na ukuta, akamwambia kwamba anampa siku kumi na tano. Baada ya hapo atapimwa mbele ya wenzake. Akishindwa, tarumbeta itapewa mtu mwingine, naye atahamishiwa kwenye ngoma kubwa.

Ngoma kubwa si aibu kwa mwenye kimo. Parapanda alikuwa mfupi. Siku moja aliwahi kuivaa kwa utani, na wenzake wakaona ngoma inatembea peke yake uwanjani, ina kofia juu na viatu chini. Tena si kimo tu. Alikuwa amepuliza ile tarumbeta miaka ishirini na sita, na jina alilopewa na wazazi wake hakuna aliyelikumbuka tena. Hata kwenye mlango wa kabati lake kikosini pameandikwa Parapanda kwa rangi nyekundu. Mtu aitwaye Parapanda akipiga ngoma, ataitikaje?

Basi akarudi nyumbani kwa dada yake, alikokuwa akikaa chumba cha uani tangu afiwe na mkewe, akaketi kwenye kigoda, akamwonyesha midomo bila kusema neno. Kusema kwenyewe kulikuwa kazi.

Dada mtu alijulikana mtaa mzima kwa jina la Mama Mwiko. Alikuwa amepika katika shule ya bweni miaka thelathini, watoto mia nne kwa siku, na alistaafu bila chungu hata kimoja kurudishwa. Siri yake haikuwa siri. Hakupima chakula kwa kijiko wala kwa saa. Alimpa mtoto mmoja aonje, kisha akamwangalia mdomo. Ulimi ukitoka kulamba, chakula kimekolea, kipelekwe. Ulimi usipotoka, chungu kirudi motoni. Kwa kipimo hicho alilea kizazi kizima, na hakuona sababu ya kununua kingine.

Alimtazama mdogo wake kwa jicho moja, halafu kwa la pili, akasema hilo ni jambo dogo, lina dawa jikoni. Siku hiyo bintiye, ambaye ni mfamasia katika duka la dawa la pale kona, alikuwa anafunga begi kwenda semina ya siku nne. Angekuwepo, hadithi hii ingekuwa fupi. Hakuwepo, na paka akiondoka unajua nani hutawala.

Jumamosi asubuhi Mama Mwiko alibandika sufuria kubwa yenye maji, akaweka ndogo ndani yake, akayeyusha nta ya nyuki kwa mafuta ya nazi, akatia majani ya mchaichai, akachuja kwa kitambaa safi. Kazi nzuri, ya mikono iliyozoea moto. Ilipoganda akampaka mdogo wake, akaketi mbele yake, mikono magotini, akisubiri.

Ulimi haukutoka.

Alimuuliza dawa ikoje. Parapanda akajibu kwa shida kwamba inatuliza, tena sana, ila ni kama amepaka mshumaa. Mama Mwiko akainuka na sufuria yake. Miaka thelathini hakuna aliyewahi kumwambia kapika mshumaa.

Jumapili akatia asali, vijiko vitatu. Hapo ulimi ulitoka hata kabla hajamaliza kupaka, ukazunguka juu, ukazunguka chini, ukarudi ndani na mali yake. Mama Mwiko alifurahi kama mtu aliyeona mwezi. Mchana Parapanda alijinyoosha kivulini uani apumzike, na alipoamka sisimizi walikuwa wamepanga foleni kutoka ukutani hadi kwenye mdomo wa juu, wengine wanakwenda, wengine wanarudi, kwa nidhamu ambayo bendi ya zimamoto haijawahi kuifikia.

Midomo ilizidi kuvimba. Mama Mwiko akasema hiyo ni dawa inatoa ugonjwa nje, na kama inatoa, basi iongezwe nguvu. Jumatatu akatia mdalasini na ganda la chungwa lililosagwa. Jumanne akatia vanila. Kila siku dawa ilizidi kunukia, ulimi ulizidi kutoka, na midomo ilizidi kuwa habari ya mtaa. Pembeni, kwenye kona ya kushoto, pakapasuka, pakaota gamba la manjano. Parapanda akawa anakunywa uji kwa mrija.

Jambo moja lilimshangaza yule mama: dawa ilikuwa inakwisha upesi kupita kiasi. Kikopo cha asubuhi hakikufika jioni. Alijisemea moyoni kwamba midomo mikubwa inakula dawa nyingi, na kwa kweli alikuwa amepatia, ila hakujua amepatia vipi.

Jumatano bintiye akarudi. Kitu cha kwanza alichokikuta ni fundi cherehani wa jirani, ameketi mezani kwao kama mwenye nyumba, anapaka dawa ya midomo kwenye kipande cha mkate kwa kisu. Fundi alimkaribisha kwa adabu zote, akamuuliza kama mama anauza haya mafuta ya mkate au ni ya familia tu. Kitu cha pili alichokikuta ni mjomba wake.

Mfamasia hakupiga kelele. Hakuvua hata viatu vya safari. Alimshika mjomba mkono kama mtoto wa chekechea, wakatoka wakaenda kwa daktari. Daktari aliangalia ile kona, akasema wadudu wameshaingia kwenye ufa, akaandika marhamu ya kupaka siku nne, na akaagiza vitu vya jikoni vikae jikoni mpaka kidonda kifunge. Alipoambiwa kuhusu vanila akauliza mara mbili, kwa kuwa alidhani amesikia vibaya.

Wakarudi. Binti akamkalisha mjomba chini ya taa ya sebuleni, akamkagua. Kuzunguka midomo palikuwa na duara jekundu, limenyooka ukingo wake kana kwamba mtu amebandika kikombe usoni na kuchora kwa kalamu. Akamwomba atoe ulimi auzungushe. Parapanda akauzungusha. Ncha ya ulimi ikapita juu ya ule mstari mwekundu bila kukosea hata unywele, kama mkasi unavyofuata chaki.

Binti akainuka. Akabandika birika jikoni, akaketi na karatasi na kalamu, akamwambia mjomba wake wazungumze tu habari za kikosini mpaka maji yachemke. Wakazungumza. Kila ulimi ulipotoka alitia kistari. Birika lilipoanza kupiga mluzi alikuwa na vistari thelathini na nane.

"Mjomba," alisema, "umewahi kumwona mbuzi akilamba jiwe la chumvi?"

"Nimewaona wengi."

"Basi wewe ndiye mbuzi, na wewe ndiye jiwe."

Akaeleza taratibu, huku mama yake amesimama mlangoni ameshika kiuno. Mate hulowesha midomo kwa dakika moja, halafu hukauka na kuondoka na unyevu wote uliokuwepo. Mpiga tarumbeta hulamba midomo kila anapotaka kupuliza, hiyo ni kazi yake. Lakini mjomba analamba tangu alfajiri hadi anapolala kwa sababu amepakwa kitu kitamu. Analamba, midomo inakauka, inawasha, anapaka tena, analamba tena. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na safari hii buyu lenyewe ndilo limeumia. Na huo mdalasini na ganda la chungwa ni moto juu ya ngozi iliyochanika.

Mama Mwiko alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza jambo moja tu lililokuwa linamsumbua.

"Kwa hiyo ilikolea?"

"Mama, hiyo haikuwa dawa. Ilikuwa keki iliyokosa unga."

Yule mama akarudi jikoni akaosha sufuria iliyokuwa safi. Alipenda kusifiwa upishi, lakini alimpenda mdogo wake zaidi, yule aliyembeba mgongoni yeye mwenyewe akiwa na miaka saba. Alifikiria ngoma inayotembea yenyewe uwanjani. Alifikiria kwamba kama mdogo wake ataivaa ile ngoma, aliyemvika ni yeye, kwa vijiko vitatu vya asali. Machozi yakamjia, akayasingizia moshi, ingawa alipikia gesi.

Kidonda kilipofunga, Jumapili, binti akasema sasa mama unaweza kupika. Nta iwepo, mafuta yawepo, maana ngozi inahitaji kufunikwa. Lakini safari hii ipatikane dawa ambayo ulimi wenye akili timamu hautaigusa mara mbili. Iwe mbaya.

"Mbaya kiasi gani?"

"Mbaya kama chakula kibaya kuliko vyote ulivyowahi kupika maishani mwako."

Mama Mwiko akafikiri kwa uaminifu kabisa, akasema hakumbuki hata kimoja.

Hapo ndipo kazi ilipokuwa nzito. Wapo watu wasiojua kupika vizuri, tumewazoea, na wengine tumeoana nao. Lakini asiyejua kupika vibaya hujawahi kumwona. Mikono ya Mama Mwiko ilikataa. Alikata jani nene la mshubiri, akakamua maji yake ya njano ambayo ni machungu kama hukumu, akayapima kwa mafuta na nta, na yote yakaenda sawasawa. Binti akatoka kidogo kufungua mlango, fundi cherehani alikuwa anaulizia mkate. Aliporudi, dawa imekwisha kumiminwa kwenye vikopo. Wakamwita Parapanda, wakampaka, wakakaa kumwangalia wote wawili.

Ulimi ukatoka. Ukasimama. Ukafikiri. Ukatoka tena.

"Dada," alisema kwa heshima, "uchungu huu una raha yake. Ni kama kahawa nzuri."

Binti akamgeukia mama yake. Mama Mwiko akaangalia dari. Alipobanwa akakiri kwamba ilimponyoka iliki, punje mbili tu, na karafuu moja, na pengine kipande cha sukari guru, kwa maana ladha ilikuwa inaning'inia peke yake kama yatima, na yeye si mtu wa kuona yatima akapita.

Mara ya pili binti hakuondoka. Alifungia asali, sukari, iliki, karafuu na vanila ndani ya begi lake la semina akatia kufuli, kisha akasimama nyuma ya mama yake kama askari jela. Safari hii majani ya mwarobaini yakachemshwa ndani ya mafuta mpaka yakageuka kijani cha dimbwi. Mshubiri ukaongezwa. Mama Mwiko alikoroga amekunja uso, akanyoosha mkono kwenye rafu ya viungo mara nne, na mara nne akakuta rafu tupu. Mara ya tano akashika chumvi, binti akaipokea mkononi mwake.

Dawa ilipopoa, mpishi akachota kwa ncha ya kidole akaonja, kama alivyoonja kila kitu kilichotoka mikononi mwake. Akaketi. Akaomba maji. Akayanywa, akayaangalia kwenye bilauri, akauliza kama haya nayo yametiwa mwarobaini. Kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyefiwa kwamba kama wale watoto mia nne wangejua leo kapika nini, wangemwandikia barua ya kumwonea huruma.

"Imefaa," alisema binti, akambusu utosini.

Wiki iliyofuata ilikuwa ngumu kwa yeyote aliyekaa karibu na Parapanda. Ulimi uliozoea kutembea kwa miaka ishirini na sita haukai ndani kwa kuambiwa. Ulikuwa unatoka wenyewe, katikati ya maneno, ukikutana na dawa, na uso mzima unakunjamana kuanzia kidevuni hadi kwenye paji, jicho moja limefungwa, sikio limesimama. Alimkunjia uso mwenye duka aliyekuwa anamrudishia chenji. Aliwakunjia uso wafiwa wawili waliokuja kikosini kuomba bendi. Fundi cherehani alikunjiwa uso Jumatatu na Jumanne asubuhi, akanuna, akaacha kuja kula mkate, na hiyo ikahesabiwa miongoni mwa faida za dawa.

Lakini vistari vikaanza kupungua. Jumatatu, kwa birika moja, ishirini na tisa. Jumatano kumi na moja. Alhamisi vinne, na kimoja kati ya hivyo Parapanda alidai alikuwa anapiga chafya. Duara jekundu likafifia. Midomo ikapungua, kwanza wa chini, halafu wa juu, mpaka Ijumaa asubuhi alipojitazama kwenye kioo akaona uso wake mwenyewe, uliokuwa umepotea muda mrefu. Akapaka dawa kidogo tu, kama alivyofundishwa, akaipeleka tarumbeta mdomoni bila kuipuliza, akairudisha kwenye sanduku. Aliogopa.

Katika bendi ile, mpiga tarumbeta hupimwa kwa njia moja. Gari la maji huegeshwa ndani kabisa ya banda, kwenye ukuta wa nyuma. Dereva huliwasha akaliondoa polepole, na tangu matairi yanapoanza kuzunguka mpaka mkia wa gari unapovuka mlango, mpimwaji hushikilia sauti moja, bila kukata. Akikata mara moja huruhusiwa kuanza upya, gari likirudishwa. Akikata mara ya pili, basi.

Jumamosi Parapanda alisimama bandani, kando ya njia ya gari, na sare yake iliyopigwa pasi. Wenzake kumi na mmoja walijipanga ukutani. Mama Mwiko, ambaye hakualikwa, alisimama nje dirishani juu ya ndoo iliyopinduliwa, binti yake amemshika magoti asianguke. Na Parapanda, akiwa ameinua tarumbeta, akakumbuka ghafla kwamba kwa hofu ya asubuhi alikuwa amejipaka dawa mara tatu. Midomo ilimeta kama sakafu ya benki.

Kila mara katika maisha yake, kabla ya kupuliza, alilamba midomo. Sasa ulimi ulikuwa nyuma ya meno, unagonga mlango. Akapiga hesabu. Akilamba, uso utakunjamana, na uso uliokunjamana haupulizi. Asipolamba, huenda ataweza, lakini mara moja tu. Akikata njiani, ulimi utatoka tu, hautazuilika, na hapo ndipo mwisho. Akaona hana njia nyingine ila kuanza na kutokata kabisa.

Gari likaondoka. Sauti ikatoka, safi, imenyooka, ikajaza banda lote hadi mabati yakaitikia. Kiongozi wa bendi akainua nyusi kidogo. Gari likafika katikati, likakohoa, likazimika.

Dereva akajaribu kuliwasha. Likakataa. Akajaribu tena. Wenzake Parapanda wakaanza kutazamana, kwa sababu haijawahi kutokea, na hakuna sheria iliyosema mtu afanye nini. Kiongozi akafungua kinywa kusema asimame, wataanza upya. Parapanda akamtolea macho kwa namna ambayo kiongozi alikifunga kinywa. Shingo ilikuwa imevimba, mashavu yamekuwa mekundu, kisha zambarau, kisha rangi nyingine ambayo haina jina. Sauti haikutetereka. Nyuma ya dirisha Mama Mwiko alikuwa amezuia pumzi pamoja naye, binti akawa anamfinya mguu apumue.

Mtu mmoja ukutani akawaashiria wengine kwa kidevu. Wazimamoto watano wakatoka mbio, wakaenda mbele ya gari, wakalivuta kwa kamba kama ng'ombe mkaidi, wengine watano wakaegemea mkia wakasukuma. Likasogea. Likapita mlango, mkia ukavuka. Wote wakapiga makofi.

Parapanda akaendelea kupuliza.

Kiongozi akamwambia imetosha. Akaendelea. Alijua kinachomngoja akishusha ile tarumbeta. Mwishowe kiongozi akamfuata mwenyewe, akaishika kwa mikono miwili, akaichomoa taratibu kama mtu anayemnyang'anya mtoto chuchu. Ulimi ukatoka. Uso ukajikunja wote, mabega yakapanda, goti moja likainuka, na machozi yakamwagika hadi kwenye vifungo vya sare. Kiongozi wa bendi hakuwahi kuona mpigaji akiguswa hivyo na sauti yake mwenyewe. Akasubiri ile hali ipite, akamrudishia tarumbeta, akasema kwa ile sauti yake ya kuuliza saa kwamba Jumatatu mazoezi ni saa mbili, na asichelewe.

Mama Mwiko akashuka kwenye ndoo, akaingia bandani bila kuulizwa. Alimfuta mdogo wake machozi kwa ncha ya kanga, huku akimwambia kwamba mtu mzima halii mbele ya magari. Wenzake wakawazunguka. Walitaka kujua ni dawa gani iliyorudisha midomo ile, maana nao kila mmoja alikuwa na ufa wake. Mama akatoa kikopo kutoka kifuani, akakifungua. Kilinukia nta na majani mabichi, na mtu akiona kikopo kizuri kidole hakiombi ruhusa. Vidole kumi na kimoja vikaingia. Binti alitaka kusema kitu; mama yake akamkanyaga mguu.

Wakapaka. Na kwa kuwa walikuwa wapuliza vyombo, na wa ngoma aliwaiga, wote wakalamba.

Mama Mwiko aliwatazama mmoja mmoja, kama alivyotazama watoto mia nne kila mchana. Nyuso kumi na moja zikajikunja kwa pamoja, wa kwanza akakimbilia bomba, wa pili akamfuata, na aliyekosa nafasi akafungua mpira wa gari la maji. Hakuna hata mmoja aliyerudi kuomba aongezewe. Akakifunga kikopo, akakigonga juu mara mbili, akamwambia bintiye kwamba dawa imeiva.